Swali la Thelathini na Tatu

Ofisi ya ukaguzi wa vyombo vidogo ilikuwa na meza mbili, feni moja na orodha moja. Meza zilibadilishwa kila chumvi ilipozila miguu. Feni iliharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Orodha peke yake haikuguswa. Ilikuwa na maswali thelathini na mawili, yamepangwa kutoka omo, mbele ya chombo, hadi tezi, nyuma yake, na aliyeyaandika miaka ishirini na mmoja iliyopita ndiye huyo huyo aliyeketi kwenye meza ya dirishani: mkaguzi, mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na minane, ambaye watu wa gatini walimwita Bwana Namba.

Jina hilo lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa Bwana Moyo, nalo alilipata kwa kosa la siku moja. Miaka kumi na miwili nyuma aliinyima cheti boti ya mbao iliyokuwa imejibu maswali yote vizuri. Mkuu wake alimwita, akamuuliza imeshindwa swali namba ngapi. Mkaguzi akajibu kwamba haikushindwa swali lolote, ila moyo wake umeikataa. Mkuu aliyaandika maneno hayo kwenye jalada kama yalivyotamkwa, akamsomea kwa sauti mbele ya karani, kisha akampa msaidizi muhuri. Boti ikaenda. Siku ya nne ikarudi salama, mabaharia wamesimama omoni, kila mmoja amejishika kifua.

"Bwana Moyo, hujambo? Moyo unasemaje leo?"

Kwa miaka miwili hakupita gatini bila mtu kujishika kifua. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo hakuikubali wala kuikataa boti yoyote isipokuwa kwa namba, na utani ukachoka wenyewe, ukageuka jina jipya ambalo yeye, kwa siri, alilipenda.

Tena hakuwa na ndugu kazini. Kaka wa marehemu mkewe alinyimwa cheti kwa fataki moja ya ishara iliyopitwa na tarehe kwa siku tatu. Binamu yake alirudishwa kwa kamba ya nanga iliyopungua mita moja. "Orodha haijui mtoto wa nani," alikuwa akisema, na hata waliomchukia walikiri kwamba hilo ni kweli.

Jumatatu moja asubuhi mkwewe, mume wa bintiye wa pekee, aliingia ofisini na fomu ya maombi ya safari. Nyuma yake alikuja fundi wa injini, mtu mfupi mwenye maneno mengi, aliyeitwa Bisibisi kwa sababu chombo hicho hakikumtoka mfukoni hata alipokwenda kuzika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaeni. Bisibisi, usiegemee hilo kabati, lina mguu mgonjwa."

"Basi tutaelewana, Mzee. Na mimi ninao mmoja."

Mkaguzi alivaa miwani akaisoma fomu. Boti ya faiba, mpya, urefu mita saba na nusu, injini moja ya kufunga nyuma, nyingine ndogo ya akiba. Ilikuwa imenunuliwa na kituo cha utafiti wa samaki kilichokuwa kisiwani, ng'ambo. Meli ya mizigo iliyotakiwa kuibeba ilikuwa imepandishwa chelezoni kwa matengenezo, na kituo hakikutaka kungoja. Aliyekubali kuipeleka kwa njia ya maji kabla ya tarehe mosi ndiye angeajiriwa kuwa nahodha wake, na nyumba angepewa, ya vyumba vitatu, yenye veranda. Mkwe alikuwa amekwisha kubali. Kwa miaka saba alikuwa akivusha watu na vikapu vyao kutoka upande mmoja wa ghuba kwenda upande wa pili, na alisema kwamba sasa anaijua ghuba hiyo kama mgonjwa anavyojua dari.

"Hapa umeandika mia na thelathini na nane, ukakata, ukaandika mia na arobaini," mkaguzi alisema.

"Maili, Baba. Nilipima upya kwenye ramani."

"Kukata si kosa. Kosa ni kukata bila kuweka herufi zako. Mstari mmoja ulionyooka, kisha herufi mbili za jina pembeni, ili ajulikane aliyefuta."

Mkwe akacheka, akaweka herufi zake. Alikuwa ameyazoea haya. Miaka tisa nyuma alikaa kwenye benchi la mbele katika kozi ya usalama ambayo mkaguzi aliifundisha, naye peke yake ndiye aliyeyakariri maswali yote thelathini na mawili kwa mpangilio. Siku alipokuja kuomba kumwoa binti, alipoulizwa ana sifa gani, aliyasoma yote kwa kichwa, kuanzia la nanga hadi la rafadha, panga la injini. Mpaka leo jamaa walicheka walipokumbuka.

"Maili mia na arobaini za bahari tupu," alisema Bisibisi. "Hata pa kuegemea hapana. Kabati lenye mguu mgonjwa ningelikumbuka."

Mkwe hakucheka safari hii. "Baba, nasema mbele ya shahidi. Ukiniambia siendi, siendi. Nitawaandikia watafute mtu mwingine, na sitanung'unika. Sauti yako inanitosha."

"Si sauti yangu. Ni orodha."

"Kwangu ni kitu kimoja," alisema mkwe.

Ukaguzi ukapangwa Jumanne, saa mbili asubuhi.

Mchana wa Jumatatu hiyo hiyo, karani alipotoka kwenda kula, binti aliingia. Alikuwa mshona maturubai. Boti nyingi za pale zilivaa kazi ya mikono yake. Sindano nene ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi wa gauni, na vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa plasta. Hakuwa na desturi ya kuja ofisini. Alisimama kama watu wengine wote walivyosimama, upande wa pili wa meza.

"Baba, nimeshona mikanda ya kufungia madumu. Manane, ya lita ishirini ishirini. Juzi tuliyajaza maji tukayapanga tezini, nione mikanda itakavyokaza. Boti ilikuwa juu ya trela. Matairi ya trela yalibonyea mpaka rimu ikakaribia chini."

"Maji ni mazito kuliko petroli."

"Si kwa kiasi hicho. Wewe ndiye uliyenifundisha." Aliweka viganja juu ya meza. "Boti ikikalia mkia namna ile, haitapanda juu ya maji. Italima. Italima kama jembe maili zote hizo, na injini inayolima inakunywa kama ng'ombe. Nataka uikatae."

"Kwa namba ngapi?"

"Tafuta namba. Wewe ndiye mwenye namba."

"Namba haitafutwi, mama. Inapatikana au haipatikani. Kesho nitapima."

"Atanuna mwezi mzima. Nimekubali. Akinuna, atanunia nyumbani."

Mkaguzi alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Moyoni alikuwa ameumia, si kwa ajili ya boti, bali kwa sababu mtoto wake wa kumzaa, aliyekulia ndani ya sheria yake, amekuja kumwomba kitu ambacho ndugu wengine walikiomba wakarudi mikono mitupu. Kwamba wengine waliomba kupitishwa na huyu aliomba kukataliwa, aliona ni tofauti ya upande tu.

"Mjomba wako nilimnyima kwa fataki moja," alisema. "Leo nikimzuia mumeo bila namba, watasema nini? Watasema Bwana Namba ana sheria mbili, moja ya watu na moja ya mwanawe."

"Na waseme. Maneno yao yote yakiwekwa pamoja hayajazi dumu moja."

"Hukuwapo waliponishikia vifua."

"Nilikuwapo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikikupikia, na wewe hukula." Akaondoa viganja mezani. "Basi nijibu moja tu, niende. Wewe mwenyewe ungepanda?"

Feni ilizunguka ikakwama, ikazunguka. Mkaguzi aliitazama kana kwamba swali limeelekezwa kwake.

"Hilo halimo kwenye orodha."

"Sikuuliza kama limo."

"Nina kazi, mama," alisema mkaguzi, akafungua jalada lililokuwa mbele yake. Lilikuwa la boti iliyokwisha uzwa mwaka uliopita.

Jumanne bahari ndani ya ghuba ilitulia kama maziwa kwenye sinia. Mkaguzi alishuka gatini na ubao wake wa kuandikia, akaanza na swali la kwanza. Nanga ilikuwapo, na kamba yake ilizidi mita mbili. Dira ilikuwapo. Redio ilisikika. Fataki sita, zote mpya. Majaketi ya kuokolea yalikuwa manne kwa watu wawili, kila moja na filimbi na taa. Alilijaza swali namba kumi na nane kwa raha, kwa maana ni nadra kuona majaketi mazuri hivyo. Pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayotuama chini ya boti, ilitema ilipoambiwa iteme. Injini ya akiba iliwaka kwa mvuto wa kwanza.

"Inatumia nini?" aliuliza, kwa kuwa swali la ishirini na mbili lilitaka kujua.

"Petroli hiyo hiyo, Mzee," alisema Bisibisi. "Mama mmoja, watoto wawili."

Akaandika: ndiyo, ipo.

Likabaki swali namba ishirini na saba, la mafuta. Namna ya kulijibu ilikuwa imeandikwa chini yake kwa herufi ndogo. Boti hukimbizwa maili mbili hadi boya jekundu na kurudi. Petroli iliyotumika hupimwa. Kiasi cha maili moja huzidishwa kwa maili zote za safari. Kisha huongezwa theluthi, ndiyo akiba. Walikwenda, wakarudi. Boti ilipanda juu ya maji ikateleza kama sabuni kwenye vigae. Bisibisi alipima kwa chupa yenye mistari, mkaguzi akapima mara ya pili kwa mkono wake. Lita sita kwa maili nne. Lita moja na nusu kwa maili. Lita mia mbili na kumi kwa safari nzima, na sabini za akiba: mia mbili themanini. Tangi lilichukua mia moja na ishirini. Madumu manane yalichukua mia moja na sitini.

"Sawasawa kabisa," alisema mkwe. "Haizidi, haipungui."

Madumu yenyewe yalikuwa yamejipanga juu ya gati, yamejaa, hatua kumi kutoka botini. Mkaguzi aliyatazama. Alijua jambo ambalo mtu mwingine pale huenda hakulijua kwa ukamilifu. Swali namba tisa lilikataza madumu ya petroli kupakiwa kabla ya cheti kutolewa. Alilitunga mwenyewe, baada ya boti moja kuungua ikikaguliwa. Na swali namba ishirini na saba lilitaka mafuta yapimwe kabla ya cheti. Maana yake ni kwamba kwa miaka ishirini na mmoja kila boti ilipimwa ikiwa tupu, kisha ikaondoka ikiwa imejaa. Kwa boti za kuambaa pwani halikuwa jambo kubwa: mtu akipungukiwa, aliingia kijito cha karibu akaazima. Orodha iliandikwa kwa ajili ya hizo. Hakuna swali hata moja kati ya yote lililouliza kama nchi kavu itaonekana.

"Baba, umesimama," alisema mkwe. "Kuna kitu?"

Ilikuwa nafasi, na kwa muda wa pumzi tatu ilibaki wazi. Angeweza kusema, pakieni madumu, twendeni nje ya mdomo wa ghuba, kwenye mawimbi, tupime tena. Ingechukua saa moja. Lakini huko kungekuwa kuvunja swali namba tisa, mbele ya Bisibisi ambaye ulimi wake haukuwa na kifuniko, kwa ajili ya mume wa binti yake. Aliwaona mabaharia wa gati zima wamesimama tena omoni, mikono vifuani.

"Hakuna kitu," alisema, akaandika ndiyo.

Thelathini na mbili kwa thelathini na mbili. Aligonga muhuri juu ya paja lake, pale pale gatini, na mkwe akakipokea cheti kwa mikono miwili.

Mkwe na Bisibisi waliondoka Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Binti alikuwapo, amevaa gauni lile lile. Aliikagua mikanda yake ya madumu mmoja mmoja, akaivuta, akamfunga mumewe vifungo vya jaketi kama anayemfunga mtoto sare ya shule. Mkwe akamwambia kitu sikioni. Binti akacheka bila kutaka, akampiga begani.

Boti ilipoachia kamba, mstari wa buluu uliochorwa ubavuni kuonyesha mwisho wa maji ulikuwa juu kwa upande wa omo, na kwa upande wa tezi ulikuwa umezama shubiri nzima. Mwenye macho haambiwi tazama. Mkaguzi alitazama saa yake, kwa sababu muda wa kuondoka ulitakiwa kuandikwa. Injini ilinguruma, omo ikainuka, ikabaki imeinuka hivyo hivyo, na nyuma yao wimbi likafunguka pana kama shamba lililotoka kulimwa. Aliposhusha mkono aliona kwamba binti haiangalii boti. Alikuwa akimwangalia yeye.

Ofisini redio ililia saa moja kasoro.

"Baba, tumepita boya jekundu. Kila kitu sawa."

"Nimekupata."

Alikibonyeza tena kitufe, akakishikilia. Kwa muda mrefu kidogo karani alidhani mzee anatafuta neno. Kisha akakiachia, akaandika kwenye daftari: boya jekundu, saa 12:52 asubuhi, sawa.

Walitakiwa kufika siku hiyo hiyo jioni. Kisiwani hawakuonekana. Alhamisi hawakuonekana. Ijumaa ndege ndogo iliruka ikarudi. Binti hakulia wala hakuuliza. Alikaa kwenye benchi la ofisi, lile la wanaosubiri vyeti, akishona turubai la mtu mwingine, na kila sindano ilipopenya kitambaa ilitoa mlio mdogo ambao mkaguzi aliusikia mpaka nyumbani.

Siku ya tisa meli ya kokoto iliikuta boti ikielea, imepotea njia kwa maili nyingi upande wa kusini. Ndani alikuwamo mtu mmoja, na alikuwa Bisibisi.

Alilazwa. Aliporuhusiwa kusema alisema yote, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuweka mzaha. Mkaguzi alisimama upande mmoja wa kitanda, binti upande wa pili.

"Mafuta yalikata maili thelathini na kitu kabla ya kufika. Ile ndogo nayo ingekunywa nini? Dumu lilikuwa moja kwa wote." Alilamba midomo yake iliyopasuka. "Tulipofika maili ya ishirini nilipima. Nikamwambia, ndugu yangu, tunakunywa mno, turudi, pwani bado ipo karibu. Akasema, Mzee amesaini. Akiba ipo, Mzee hasaini kitu asichokiamini. Maili ya arobaini nikamwambia tena. Akasema ninamtusi baba yake."

Binti alimsogezea kikombe cha maji mdomoni.

"Tulilifanya turubai lako tanga, dada. Siku ya tano likafunguka, akasimama kulifunga. Wimbi moja tu. Jaketi alikuwa nalo, lilimshika vizuri. Alielea. Filimbi aliipuliza. Mimi siwezi kugeuza boti isiyo na injini, na upepo ulikuwa unanisukuma. Niliiona taa ya jaketi lake mpaka ikawa kama kiberiti. Filimbi niliisikia baada ya taa."

Swali namba kumi na nane, mkaguzi aliwaza, na mara akatamani kung'oa kichwa chake mwenyewe kwa kuliwaza.

Kamati ya uchunguzi ilikutana kwa siku mbili katika chumba chenye viti vya kitambaa. Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya upole, alipitia orodha swali kwa swali, na kila mara alitikisa kichwa kwa kuridhika. Herufi zote zilikuwa mahali pake. Mwishoni alisoma uamuzi: mkaguzi alifuata utaratibu kikamilifu, na haikuonekana kasoro upande wake. Aliongeza kwamba si jambo jepesi kumkagua mkwe bila upendeleo, na kamati inampongeza.

"Nilijua," mkaguzi alisema.

"Tafadhali?"

"Nilijua kwamba boti tupu si boti iliyojaa."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake, kisha akamtazama yeye kwa huruma ya kweli. "Una majonzi, Mzee. Hayo hatutayaandika." Wakamwagiza aandae swali jipya, la thelathini na tatu, la kuhusu safari za bahari kuu, alilete baada ya wiki tatu.

Binti alikuwa amerudi nyumbani kwa baba yake na cherehani yake. Hawakugombana. Alipika, akaweka sahani mezani, akasema "karibu, Baba," na ndani ya neno hilo hamkuwamo mtu. Mkaguzi aliandika swali lake usiku na mchana, akafuta, akaandika. Mafuta yapimwe boti ikiwa na mzigo wake wote, nje ya ghuba, kwenye mawimbi. Akiba iwe nusu, si theluthi. Kila chombo kiandamane na kingine. Mwishowe ukawa ukurasa mzima, umenyooka, hauna doa. Akauacha mezani mahali ambapo binti angeuona.

Binti aliusoma akiwa amesimama. Kisha akachukua kalamu yake ya kuchorea turubai, akaandika chini kabisa, kwa mwandiko mkubwa: *Je, mkaguzi mwenyewe angepanda?*

"Swali lako la thelathini na tatu ni hili," alisema. "Nilikuuliza mapema."

Mkaguzi hakulifuta. Alilipeleka kama lilivyokuwa, na njiani, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alitembea kama mtu aliyebeba kitu cha kumpelekea mtu.

Alirudi saa tisa alasiri. Binti alikuwa verandani, kipande cha turubai magotini.

"Wamelipokea?"

"Sehemu ya mafuta wameipokea yote. Wamesema ni kazi nzuri."

"Na lile la mwisho?"

Mkaguzi akaketi kwenye ngazi, mgongo kwake. "Wamesema halipimiki. Wamelifuta."

Sindano ilisimama. "Na wewe ukasemaje?"

Mkaguzi alikuwa ameshika nakala aliyopewa, imekunjwa mara mbili. Binti aliinuka, akaichukua kutoka mkononi mwake, akaikunjua. Ukurasa ulikuwa safi mpaka chini. Hapo palikuwa na mwandiko wake mkubwa, na juu yake mstari mmoja ulionyooka, wa rula. Pembeni ya mstari, kwa wino wa buluu, zilikuwapo herufi mbili za jina la baba yake.